Shamba Langu Limepakwa Kijani

Jamani, nimepakwa rangi. Si mimi mwili, ni shamba, lakini ukifika umri wangu tofauti ya mtu na shamba lake inakuwa ndogo sana. Tumeitwa mkutano wa mipango ya matumizi ya ardhi, tumefika, wamebandika ukutani ramani kubwa kuliko shuka. Nikavaa miwani. Nikatafuta mto, nikatafuta barabara, nikateremka na kidole mpaka nikajikuta. Kijani. Jirani yangu wa upande wa mashariki naye kijani. Jirani wa magharibi, ambaye sijawahi kumwona na jembe mkononi ila siku ya kupigwa picha, yeye njano. Njano ni makazi. Kijani ni ardhi ya kilimo iliyohifadhiwa.

Nikamuuliza kijana aliyesimama kando ya ramani: imehifadhiwa isiguswe na nani? Akacheka, akidhani natania. "Mzee wangu," akaniambia kwa sauti ile wanayotumia wauguzi kukuahidi kwamba sindano haiumi, "imehifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo."

Vizazi vijavyo! Mimi vizazi vyangu vimeshakuja. Vipo nyumbani, vina ndevu, na vinauliza vitajenga wapi.

Maana masharti yenyewe ndiyo haya: shamba lisigawanywe vipande vidogo, nyumba iwe moja, na chochote cha ziada lazima kihusu kilimo. Ghala, ruhusa. Banda la ng'ombe, ruhusa, leta mchoro tu. Nyumba ya mtoto, hapana. Kwa hiyo ng'ombe wangu anaweza kujengewa kesho, mwanangu hawezi. Mwanangu mkubwa aliposikia akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kama sheria inakataza banda la ng'ombe kuwa na madirisha ya vioo na choo cha ndani. Nikamwambia aniache kwanza. Baadaye nikaona si swali la kijinga.

Halafu kuna ule mstari. Mpaka kati ya kijani na njano umechorwa kwa kalamu nene, na ukipita kwangu unapita karibu na nyumba. Nikamuuliza yule kijana, huu wino upana wake ni kiasi gani? Akasema kama milimita moja. Na ramani ni ya kipimo gani? Moja kwa elfu 20. Sasa hesabu mimi najua, nimeuza mazao maisha yangu yote kwa watu wanaonikadiria kwa macho. Milimita moja hapo ukutani ni mita 20 ardhini. Ndani ya wino huo huo mmoja mna nyumba yangu, jiko la nje, banda la kuku na nusu ya ng'ombe. Nikauliza kisheria mimi nalala wapi, kwenye makazi au kwenye hifadhi? Akasema jambo hilo litafafanuliwa katika hatua zijazo. Basi tangu siku hiyo nalala upande wa mama watoto, nikisubiri hatua zijazo.

Sababu ya kunichagua ni udongo. Walikuja na ile chuma yao ya kuzungusha, wakaitia ardhini, wakatoa udongo mrefu kama mkono, wakaulaza juu ya turubai na kuanza kuunyonganyonga kwa vidole. Wakaangalia kina, mwinuko, na jinsi maji yanavyopita. Kisha mmoja akanipa mkono: hongera mzee, udongo wako ni wa daraja la kwanza. Shuleni sikuwahi kuwa wa kwanza. Kazini sikuwahi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa wa kwanza, na zawadi yake ni kukatazwa.

Jirani wa njano kwake ni mawe. Mteremko umempelekea udongo wote mtoni kwa sababu hakutaka kuchimba makinga maji, alisema mgongo unamuuma. Mimi mgongo hauniumi? Miaka yote hiyo namwaga samadi, nazuia maji, napumzisha shamba, kumbe nilikuwa najifungia lango mwenyewe. Kijana akanifafanulia kwamba daraja la udongo halitokani na samadi, linatokana na asili yake, kwamba hata ningekuwa mvivu ningepakwa kijani. Sijui kama alikusudia kunifariji.

Na niseme ukweli, kwa sababu mimi ni mlalamishi lakini si mwongo: hoja yao naielewa. Ardhi tambarare, yenye kina, isiyotuama maji, ndiyo anayoitaka mkulima, na ndiyo hiyo hiyo anayoitaka mjenzi. Mjenzi ana fedha, mkulima ana msimu ujao. Bila kizuizi, mjenzi atashinda kila siku. Na saruji ikishamwagwa, udongo ule hauwezi kurudi, maana asili huchukua mamia ya miaka kutengeneza sentimita moja. Haya yote nakubali. Ninachouliza ni kidogo: kama watu wote wanakula, kwa nini bili ya kulinda chakula inaletwa kwangu peke yangu?

Mkutanoni walitusifu bwana. Uti wa mgongo wa taifa, walinzi wa chakula, sijui mashujaa gani. Kilemba cha ukoka! Na huo ukoka wenyewe sasa uko ndani ya eneo la kijani, kuufyeka mpaka nijue kama natakiwa kuwa na kibali.

Sasa watu wananiambia: wewe si ulisema hutauza? Ndiyo, nilisema, na bado nasema. Sikuwa nauza, siuzi, sitauza. Lakini nilikuwa ninaweza kuuza! Hamjui raha ya kuweza. Dalali alikuwa akinipigia kila mwezi: "Shikamoo mzee, familia haijambo, na ile sehemu ya karibu na barabara mmefikiriaje?" Nami namwambia tunaifikiria. Nilikuwa naifikiria tangu dalali huyo akiwa na nywele. Leo nikikutana naye njiani anatazama simu yake, na simu yenyewe imezimwa, naiona.

Watoto vilevile. Mtoto wa mtu mwenye shamba linaloweza kuuzwa ana adabu ya kipekee. Anakuja mwisho wa wiki, anauliza presha imepandaje, anamletea mama yake vitu. Ukitaka anyamaze, unakohoa kidogo na kusema, "Nilikuwa nafikiria kuuza kile kipande cha chini." Mara moja unaletewa kiti. Sasa nikikohoa wananiambia ninywe maji ya moto. Mkwe wangu mmoja, ambaye zamani alikuwa ananiita baba kabla hata sijamaliza kufungua mlango, juzi aliniambia "mzee vipi".

Benki ndiyo wameniumiza zaidi. Mkopo wangu wa pembejeo dhamana yake ni hati ya shamba, na bei ya shamba ilikuwa ina matumaini ndani yake: kwamba ipo siku mji utafika huku. Wao wenyewe ndio waliokuwa wanayaandika hayo matumaini kwenye karatasi. Kijani kimefuta matumaini, mkopo umebaki. Ofisa wa mikopo akaniambia niongeze dhamana. Nikamuuliza niongeze nini, nimlete ng'ombe? Akauliza ni wa aina gani.

Kwenye kodi lakini, aa, huko hawana habari na kijani. Bili imekuja ikisema mimi niko karibu na mji, penye barabara, pana thamani. Nikija kujenga mimi ni shamba, nikija kulipa mimi ni kiwanja. Nimewaambia wakutane ofisi kwa ofisi wakubaliane mimi ni nani, kisha wanitumie majibu.

Mpwa wangu, ambaye intaneti ndiyo shamba lake, amekuwa akinisomea usiku mambo ya wenzetu duniani, akidhani yatanituliza. Huko Kanada, anasema, jimbo la British Columbia liliyatenga mashamba yake kwa sheria mwaka 1973, takriban asilimia 5 ya jimbo zima. Wakulima walipiga kelele kama sisi. Ila serikali ikawaongezea mpango wa kuwahakikishia kipato bei zikianguka. Nikakaa vizuri kitini, nikamwambia soma hapo tena. Akasoma tena, akaendelea: mpango wa kipato ulikuja kufa. Na ramani? Ramani ipo mpaka leo. Nikamwambia azime taa.

Kesho yake akarudi na Marekani. Jimbo la Oregon nalo lilianza mwaka huo huo wa 1973. Huko ukiwa na shamba la udongo bora na unataka kujenga nyumba ya mkulima juu yake, njia moja kubwa ni kuonyesha kwamba shamba limeingiza dola 80,000 kwa mwaka, na si mwaka mmoja. Nyumba ya kulalia, kwenye ardhi yako! Mimi nikiingiza dola 80,000 nitalala shambani kufanya nini? Wananchi wakachoka, mwaka 2004 wakapiga kura kwamba serikali ikimpunguzia mtu thamani ya ardhi kwa masharti yake, imlipe fidia au imwachie. Hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Maombi yakamiminika, wapiga kura wakaona mambo yanakoelekea, na mwaka 2007 wakaipunguza makali sheria yao wenyewe. Nikakaa.

Nilichokipenda ni cha jimbo la Maryland, huko huko Marekani, kaunti ya Montgomery, mwaka 1980. Walibana sana: nyumba moja kwa kila ekari 25. Lakini hawakumwacha mtu mikono mitupu. Kwa kila ekari 5 mwenye shamba alipewa haki moja ya kujenga ambayo haitumii kwake, anamuuzia mjenzi akaitumie mahali pengine palipopangwa kujengwa. Yaani unauza nyumba ambayo hutaijenga! Hii ndiyo biashara ninayoiweza. Niliipeleka hoja hiyo ofisini, nimeiandika vizuri kwa mkono. Yule kijana akasoma, akasema ni wazo zuri sana mzee wangu, akalitia kwenye faili. Niliona faili. Ni nene, na juu pana vumbi la mawazo mazuri ya watu wengine.

Halafu mpwa akanisomea ya Ontario, jimbo jingine la Kanada, na hapo ndipo nilipokosa usingizi. Wana ukanda wao wa kijani wa mwaka 2005, nao waliambiwa ni wa kudumu. Mwishoni mwa 2022 serikali ya jimbo ikauchomoa ekari zipatazo 7,400 ili zijengwe nyumba. Mkaguzi mkuu akaja kukagua mwaka 2023, akasema wenye ardhi hizo wangepata ongezeko la thamani la zaidi ya dola za Kanada bilioni 8, na kwamba mchakato uliwapendelea wajenzi fulani. Moto ukawaka, serikali ikairudisha ardhi kwenye ukanda. Sawa, ilirudishwa. Lakini mimi nimejifunza kwamba hata kijani cha kudumu kinafutika, shida ni raba anayo nani. Mimi sina. Nina jembe na mkwe anayeniita mzee vipi.

Aliyenimaliza kabisa mkutanoni ni yule bwana mstaafu aliyehamia juzi, amejenga ghorofa upande wa njano, veranda yake inatazama shamba langu. Alisimama akashika kipaza sauti. Akasema anaunga mkono hifadhi kwa asilimia 100, kwamba yeye kila asubuhi hunywa chai akitazama mazao yangu na roho yake inatulia. Watu wakapiga makofi. Roho ya nani haitatulia akitazama mwenzake anapalilia? Na huyu ndiye aliyeniletea barua kwamba samadi inanuka na trekta linaanza mapema mno. Anataka kilimo kisicho na harufu wala kelele, chenye kuanza saa tatu. Nimeuliza kama naye anaweza kuchangia chochote kwa hayo mandhari. Mwenyekiti akasema tuheshimiane.

Basi nikachukua fomu ya pingamizi. Sehemu ya "sababu" ina mistari mitatu, na mmoja wameshaukalia wao kwa maelezo ya namna ya kujaza. Nimeandika kwa herufi ndogo: nilipwe, au kodi ishuke, au mtoto mmoja ajenge, chagueni wenyewe, mimi si mgumu. Mama watoto akasoma, akaniuliza kama wangenipaka njano ningeuza. Nikamwambia nisingeuza. Akanitazama, akarudi jikoni bila kusema neno, na nilisikia kwamba hajasema neno.

Nikiwa natafuta bahasha, nani anabisha hodi? Jirani wa njano. Uso umemshuka. Kodi yake imepanda, sasa anahesabiwa kama mwenye viwanja, na wanunuzi wakija wakiyaona yale mawe wanakumbuka wana safari. Anataka awe kijani. Amekuja na fomu yake, naye mistari haimtoshi, ameandika mpaka pembeni. Anaomba nimshuhudie kwamba ni mkulima. Nikamwambia nitakushuhudia, ila na wewe unishuhudie kwamba mimi sistahili kuwa mkulima. Tukapeana kalamu, tukasainiana, na kwa kubana matumizi tukatia fomu zote mbili kwenye bahasha moja.

Tumeipeleka. Yule kijana amezisoma zote mbili, moja baada ya nyingine, akarudia ya kwanza, akagonga mihuri, kisha akatutazama. "Sasa wazee wangu," akauliza, "mnapinga nini?"