Ripoti ya mteja wa siri ikikataliwa, gharama abebe nani?

Mtu anatoka Tanga mjini asubuhi kwenda Pangani, kilomita zipatazo 50, kifurushi mkononi. Anaingia posta, anapanga foleni, anatuma, anaondoka. Hakuna anayejua kwamba alikuwa kazini: amesubiri dakika ngapi, karani amemsalimia au hapana, ameelezwa tofauti ya kutuma kwa kawaida, kwa rejista na kwa EMS (huduma ya haraka), au ametajiwa bei moja tu. Usiku anajaza dodoso, anapakia risiti na picha. Siku mbili tatu zinapita, ujumbe unaingia: kazi imekataliwa, hakuna malipo. Nauli imeshakwenda, gharama ya kutuma imeshalipwa.

Hapo ndipo wanaofanya kazi ya mteja wa siri, yaani kujifanya mteja wa kawaida ili kupima huduma kwa malipo, wanapokwaruzana na kampuni zinazoigawa. Kampuni zinasema ripoti mbovu haiuziki, kwa hiyo hailipiwi. Wafanyakazi wanasema safari ilifanyika, pesa ilitoka mfukoni, na makosa mengine si yao. Pande zote mbili zina hoja nzito. Tatizo, naona, ni kwamba kanuni moja ya "imekataliwa, hulipwi" inatumika kwa makosa ambayo hayafanani hata kidogo.

Tuanze na kampuni, kwa sababu hoja yake hudharauliwa mapema mno. Taasisi iliyoagiza upimaji inataka ofisi zote zipimwe kwa kipimo kile kile. Maelekezo yakisema kifurushi kizidi kilo 2, kuna sababu. Katika posta ya kimataifa kifurushi kidogo kinaishia kilo 2. Ukibeba cha kilo 1.8, karani atakupa chaguo jingine na bei nyingine, na swali la dodoso linalouliza kama ulielezwa huduma ya vifurushi vikubwa linakuwa halina jibu. Huduma uliyopewa inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini siyo iliyotakiwa kupimwa. Mhakiki, yaani mtu wa kampuni anayekagua ripoti, akiikataa hiyo hajakuonea. Dawa yake ni ndogo: pima kwenye mizani ya dukani kabla ya kuondoka, lenga kilo 2.3 badala ya 2.05 kwa kuwa mizani hazikubaliani, na beba kifurushi bila kukifunga kabisa, na gundi pembeni, kwa sababu karani anaweza kutaka kuona kilichomo.

Kuna mtu wa tatu ambaye mjadala huu humsahau: karani mwenyewe. Ripoti ikifika kwa wakubwa wake, ndiye anayeitwa kujieleza. Tuchukue ofisi ya wilaya yenye makarani wawili wanaopokezana dirisha moja. Mteja wa siri hakuona kitambulisho, akakisia jina kwa kulisikia likitajwa na mtu aliyekuwa kwenye foleni. Aliyejibu kwa ukali anabaki salama, na aliyekuwa amekwenda kula anapewa onyo. Mhakiki anayekataa ripoti iliyomtambua karani kwa kubahatisha analinda mkate wa mtu. Pasipo jina, andika unachokijua: mwanamke, umri kati ya miaka 30 na 40, miwani, hijabu ya kijani, dirisha la kushoto ukiingia. Hayo yanatosha, na hayamsingizii mtu.

Vilevile kuna ripoti za kupika. Muda wa 10:00, kisha 10:05, kisha 10:10, kila hatua dakika 5 kamili. Picha ya jengo iliyopigwa miezi iliyopita. Maelezo yanayosema "huduma nzuri" bila neno moja alilotamka karani. Kampuni ikilipa hizo, anayekwenda kweli Lushoto atashindana na anayejaza akiwa kitandani Makorora, Tanga mjini.

Kwa upande wa pili, tufanye hesabu. Tuseme ada ya kazi ni shilingi 20,000, nauli ya kwenda na kurudi 9,000, gharama ya kutuma 6,000, bodaboda na bando 3,000. Kazi ikipita, na kampuni ikirudisha gharama ya kutuma tu, mtu anabakiwa na 8,000 kwa siku nzima. Ikikataliwa, ametoa 18,000 za kwake. Kwa ofisi ya mjini Tanga, ambako mtu anatoka Chumbageni kwa daladala, hasara ni ya kuvumilika. Kwa Pangani au Lushoto ni pigo. Halafu hawezi kurudi kesho yake kurekebisha: katika ofisi ndogo, mgeni aliyeleta kifurushi jana akarudi leo na kingine na maswali yale yale ameshajulikana. Ndiyo maana kampuni nyingi zinaweka miezi kadhaa kabla ya mtu kurudia ofisi hiyo hiyo. Kosa la ofisi ya mbali halina marudio, na kanuni za malipo zingepaswa kulijua hilo.

Makosa yenyewe mengi ni ya vitu vidogo. La kwanza kwetu ni saa. Mtu amehudumiwa saa nne na dakika 14 asubuhi, anaandika 4:14 kwenye dodoso. Risiti inasema 10:14. Mhakiki aliyeko nchi nyingine anaona tofauti ya saa sita na anadhani umeghushi. Andika saa kama simu inavyoonyesha, kwa mfumo wa saa 24, tangu kwenye daftari lako. Tena mashine ya risiti inaweza kuwa nyuma au mbele kwa dakika kadhaa, kwa hiyo risiti inapotoka tu, tazama simu yako na ukariri tofauti hiyo hadi ufike nje.

Risiti nayo huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na joto ndilo linaloiharibu. Ikikaa mfukoni kwenye jasho la mwezi wa pili, au juu ya dashibodi ya gari, maandishi yanaweza kutosomeka kabla hujafika nyumbani. Ipige picha ukishatoka nje, juu ya kitu kilichonyooka, pembe zote nne zionekane, pasiwe na kivuli cha mkono. Malipo yakifanywa kwa simu, ujumbe wa uthibitisho unaonyesha muda wa malipo, siyo muda uliosimama dirishani. Piga picha ya skrini lakini usiufanye mbadala wa risiti, omba risiti pia.

Picha ya jengo huangusha wengi. Kampuni inataka faili lenye muda na eneo ndani yake. Mtu anapiga vizuri, kisha anamtumia mratibu, mtu wa kampuni aliyempa kazi, kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana picha na kuondoa taarifa hizo, na kinachofika hakithibitishi chochote. Washa utambuzi wa eneo kwenye kamera kabla ya kushuka kwenye gari, pakia faili lenyewe kwenye mfumo wa kampuni, na ikibidi WhatsApp, litume kama hati. Lile la awali usilifute mpaka malipo yaingie.

Haya yote ni ya mteja wa siri kuyazuia, na nisingeilaumu kampuni kwa kuyakataa, ingawa lililo sahihi kwanza ni kumrudishia ripoti airekebishe. Risiti iliyopauka na simulizi inayopingana na jibu la dodoso ni vitu vya kuulizana.

Hali inabadilika pale mtandao wa ofisi unapokatika. Umefika, kuna watu sita mbele yako, karani anasema mfumo haupo, subirini. Kifurushi hakiwezi kupokelewa. Maelekezo yanasema bila risiti hakuna kazi. Anayejua kazi hii haondoki palepale wala hasubiri kimyakimya hadi jioni. Anaandika muda alioingia, muda alioambiwa mfumo haupo na maneno ya karani yalivyosemwa. Anauliza, kama ambavyo mteja yeyote angeuliza, mfumo hurudi baada ya muda gani na kama kuna ofisi nyingine ya karibu. Anasubiri muda unaoeleweka, tuseme dakika 20. Akitoka anapiga picha ya nje ya jengo, na kabla hajapanda gari anampigia mratibu, kisha anamtumia ujumbe wa maandishi unaorudia walichokubaliana: asubiri, arudi mchana, au afunge kazi. Simu bila maandishi haitamsaidia baadaye.

Ripoti ya namna hiyo haina risiti, lakini ina habari ambayo taasisi inaihitaji kuliko tabasamu la karani: siku hiyo mteja hakuhudumiwa, na aliambiwa nini. Kuikataa bila malipo ni kosa. Hapa ndipo nasimama waziwazi upande wa wafanyakazi. Kipimo changu ni kimoja: kama kampuni inaihifadhi ripoti, inaitumia au inaipeleka kwa taasisi hata kwa sehemu, ilipe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo ya haki: anayefaidika na kazi iliyofanywa kwa kutarajia malipo hawezi kuichukua bure. Kampuni inayodai ripoti haina thamani iifute na iseme imefuta.

Maelekezo mabovu nayo yana mzigo wake. Dodoso lililotungwa kwa ofisi kubwa linauliza madirisha mangapi ya vifurushi yalikuwa wazi, na ofisi ina dirisha moja linalouza stempu, linalopokea ada ya sanduku la posta na kutoa vifurushi. Nchini Marekani, ambako shirika la posta limetumia wateja wa siri kwenye kaunta zake, lengo la foleni liliwekwa dakika 5, na karani alipimwa kama ameuliza iwapo kifurushi kina kimiminika, betri za lithiamu au manukato. Maswali hayo yana mantiki kwenye mfumo wao. Yakibebwa mazima hadi Mkinga, mteja wa siri atajibu "hapana" mfululizo na mhakiki atamtilia shaka yeye. Hapo kampuni ilipe yote, ada na gharama.

Maelekezo yanayotaka karani arekodiwe sauti au video kwa siri yasichukuliwe kirahisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu na sauti ya mtu. Dai maandishi yanayosema nani ameidhinisha na rekodi itatunzwa wapi. Yasipokuja, acha kazi hiyo kabla ya kuikubali, siyo baada.

Ujumbe wa kukataliwa ukishaingia, hasira ya siku ya kwanza huharibu kesi nzuri. Soma sababu, kisha fungua maelekezo uliyoyakubali na utafute sharti lenyewe. Likiwa limekiukwa kweli, omba kurekebisha au kurudishiwa gharama ya kutuma tu, uachane na ada. Likiwa halijakiukwa, jibu ndani ya muda waliotoa, mara nyingi saa 24 au 48, kwa maneno machache yenye ushahidi. Kitu kama hiki: "Sababu mliyotoa ni kwamba muda wa risiti haulingani na dodoso. Risiti inaonyesha 10:14, dodoso 10:21. Saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa dakika 7, na niliandika hivyo kwenye simulizi. Naambatisha picha ya jengo iliyopigwa 10:26 na faili lake la awali. Naomba ripoti ipitiwe upya." Sababu ikiwa ya jumla tu, kama "haikidhi viwango", uliza ni swali namba ngapi na sharti lipi. Kampuni makini itakujibu. Inayorudia sentensi ile ile mara tatu ina tatizo la fedha, siyo la viwango.

Usiende tena ofisini bila ruhusa ya maandishi. Safari hiyo hailipwi na inakufichua. Usimpigie karani wala msimamizi wa posta kuomba athibitishe kwamba ulifika, maana umevunja siri na umewapa sababu halali ya kukukataa. Na usibadilishe muda kwenye dodoso ili ulingane na risiti. Tofauti iliyoelezwa inakubalika, iliyofichwa ikigundulika unafutwa kwenye orodha.

Hoja ya kampuni ambayo bado ina uzito ni kwamba mara nyingine taasisi ndiyo inayokataa, wiki kadhaa baada ya mhakiki kupitisha. Kampuni nayo haijalipwa. Namwelewa mmiliki wa kampuni ndogo hapo, lakini alijadili mkataba na taasisi. Mteja wa siri hakuwepo. Mhakiki akishapitisha, deni ni la kampuni.

Kwa kiasi cha shilingi 18,000 hakuna atakayekwenda mahakamani, na kampuni zinalijua hilo. Nguvu ya mfanyakazi iko kabla ya kubonyeza "nakubali". Uliza mambo matatu kwa maandishi: mtandao ukikatika nalipwa nini, ripoti ikikataliwa gharama ya kutuma inarudi au hairudi, na pingamizi linasikilizwa na nani zaidi ya mhakiki aliyekataa. Anayekudai ada ya usajili kwanza, au anayekutumia pesa ukamnunulie kitu au uzipeleke kwingine, si kampuni ya utafiti, ni tapeli. Kampuni ikijibu vizuri, chukua hata Lushoto. Ikikwepa, chukua zile za Tanga mjini peke yake, ambako hasara ya kukataliwa ni nauli ya daladala, na uwaachie wao kazi ya kutafuta mtu wa Pangani kwa masharti hayo.