Kishikwambi Kimefika, Bando Analipa Nani?

Serikali yetu ya Tanzania ni hodari wa kununua vifaa. Kuviwezesha kufanya kazi mwaka wa pili na wa tatu, hapo ndipo inapoishiwa pumzi. Nasema hivi nikiwaza vishikwambi, yaani tableti, vya walimu, na nasema kama mtu anayevipenda.

Sifa kwanza, maana zinastahili. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi zaidi ya laki mbili. Makarani walipita navyo nyumba kwa nyumba, wakatuhesabu tukapatikana watu 61,741,120, kazi ikaisha. Hapo ukafanyika uamuzi ambao mpaka leo nausifu: badala ya kuvirundika ghalani hadi betri zife, vikapelekwa kwa walimu. Katika nchi ambayo tumezoea kuona magari ya miradi yakioza kwenye yadi za halmashauri, mtu aliyetoa wazo hilo anastahili pongezi.

Mimi nina steshenari ndogo mjini wilayani, pembeni nina meza ya ufundi simu. Wateja wangu wa kudumu ni walimu, na kwa miaka hii michache nimekuwa nikiangalia safari ya vishikwambi hivyo kuanzia vilipokuja viking'aa. Mwanzoni walimu walikuja kuniuliza namna ya kufungua barua pepe, kuweka programu ya kusomea PDF, kuunganisha na simu. Baadaye wakaanza kuja na vilivyopasuka kioo, vilivyokataa chaji, vilivyovimba betri. Kioo cha simu ya kawaida nakipata siku hiyo hiyo. Cha kishikwambi naagiza Kariakoo, naambiwa nisubiri, na kikija bei inamfanya mwalimu akune kichwa. Tena wengine wanaogopa hata kukileta kwa fundi wa mtaani, kwa kuwa ni mali ya umma na wamekisainia. Basi kinarudi kwenye droo. Ukiuliza idadi ya vishikwambi vilivyogawiwa utajibiwa mara moja. Ukiuliza vingapi bado vinawaka, sijui nani atakujibu.

Lakini kioo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni bando.

Mwalimu wa leo anaendeshwa na mifumo. PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, imechukua nafasi ya zile fomu za tathmini za OPRAS, na humo mtumishi anaingiza malengo na kazi zake mtandaoni. Anayetaka kuhama kituo cha kazi anaomba kupitia ESS, mfumo mwingine wa watumishi. Taarifa za wanafunzi wa msingi zinaingizwa PREM. Hesabu za fedha za shule zina mfumo wake. Mafunzo kazini, ambayo walimu wanayajua kama MEWAKA, nayo yana sehemu yake ya kusoma mtandaoni. Mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024, vitabu na mihutasari vikawekwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yeyote apakue bure.

Kila mfumo, ukiutazama peke yake, una maana. OPRAS ilikuwa mateso ya makaratasi, sijawahi kukutana na mtumishi anayeililia. Kuhama kwa kubeba barua mkononi kutoka ofisi hadi ofisi kulikuwa na rushwa yake na nauli yake. Na maktaba ile ya vitabu vya bure ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizofanywa na taasisi ya umma nchini. Sina ugomvi na mifumo.

Ugomvi wangu ni kwamba hayo yote yanapita kwenye mfuko wa mwalimu. Kitabu ni cha bure, data ya kukipakua si ya bure. Taarifa ni ya serikali, MB za kuituma ni za Mwalimu Fulani aliyeunga bando asubuhi ili awasiliane na mtoto wake aliye chuoni. Mchana anawasha hotspoti kwenye simu yake, kishikwambi cha serikali kinakula humo. Jioni hana kitu. Ninayeona kichekesho cha mwisho ni mimi: mwalimu anakuja dukani na kishikwambi, ananiomba nimpakulie mhutasari kwa intaneti yangu, kisha nimchapie kurasa zote kwenye karatasi, kwa kuwa hana uhakika wa chaji wala mtandao huko aendako. Mimi nafaidika, sikatai. Ila kama shabaha ilikuwa kupunguza makaratasi, basi makaratasi yamehamia dukani kwangu na mlipaji ni mwalimu.

Mtu atasema shule zina fedha za uendeshaji, zitumie hizo. Haya, tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango tulichokizoea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kujivunia. Katika hiyo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Chukua shule ya wanafunzi 600. Inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, michezo, bawaba la mlango lililong'oka, na shughuli za ofisi. Sasa wape walimu kumi na tano bando la shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, ambalo kwa mtu anayepakua vitabu wala si bando la anasa. Ni 150,000. Nusu ya fedha yote ya shule imeishia kwenye vocha. Mwalimu mkuu gani atasaini hiyo?

Na hawezi kuwageukia wazazi. Waraka namba 5 wa mwaka 2015, uliozaa elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima. Mimi ni mmoja wa walioufurahia, na bado naufurahia. Watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya michango waliingia darasani. Lakini gharama ikiondolewa kwa mzazi haiyeyuki, lazima mtu aibebe. Kwa vitabu na mitihani serikali ilibeba. Kwa intaneti ilinyamaza, mwalimu akabeba, na kwa kuwa analipa elfu moja moja kwenye simu yake hakuna anayeiona kwenye hesabu yoyote.

Wakati huo huo, serikali hii hii ilishaonyesha kuwa inaweza. Mwaka 2016 ilianza kulipa posho ya madaraka: mwalimu mkuu wa msingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa sekondari na mratibu elimu kata 250,000. Ilitambua kwamba cheo kina gharama, ikaiweka kwenye bajeti, na inalipa kila mwezi. Bando la elfu kumi kwa walimu laki mbili ni bilioni mbili kwa mwezi, bilioni 24 kwa mwaka. Si hela ndogo, lakini wizara ambayo bajeti yake siku hizi inasomwa kwa trilioni haiwezi kutuambia haijawahi kusikia namba ya aina hiyo.

Sababu ya kukwama, kwa maoni yangu, ni namna tunavyofikiri kuhusu matumizi. Kifaa kinanunuliwa mara moja. Kina hafla, kina mgeni rasmi, kina picha ya makabidhiano, kinaingia kwenye ripoti ya utekelezaji. Bando halina makabidhiano. Hakuna waziri atakayekata utepe kwa ajili ya GB tano. Vivyo hivyo kwa fundi wa halmashauri, kwa betri mpya, kwa bili ya umeme. Ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Wenzetu Kenya walipita humu kabla yetu. Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikagombaniwa hadi mahakamani, mpango ukabadilishwa, na mwaka 2016 zikaanza kusambazwa tableti, zaidi ya milioni moja kwa zaidi ya shule elfu ishirini. Kitu kimoja walifanya vizuri sana ambacho sisi tunapaswa kukiiga: walikimbizana kuzifikishia shule umeme kwanza. Lakini baada ya hapo magazeti yao yameandika mara ngapi kuhusu vifaa vilivyoibwa, au vilivyofungiwa kabatini kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa? Peru nayo, mbali huko, ilinunua laki kadhaa za kompyuta ndogo kwa ajili ya watoto wa shule za vijijini. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walipopima matokeo mwaka 2012, hawakuona tofauti katika hesabu wala lugha kati ya watoto waliopewa na wasiopewa.

Anayenivutia ni Uruguay. Ilianza mwaka 2007 kwa mtindo huo huo wa kompyuta moja kwa mtoto mmoja, lakini ikaunda chombo cha kudumu, Plan Ceibal, chenye kazi ya kuunganisha shule na intaneti, kutengeneza vinavyoharibika na kuwapa walimu msaada. Baadaye walipokosa walimu wa Kiingereza wa kutosha, wakatumia mtandao ule ule kumleta mwalimu kwa video hadi darasani, huku mwalimu wa darasa akiwa palepale na watoto. Najua, ni nchi ndogo, watu wake hawafiki hata milioni nne, na ina pesa kuliko sisi. Hoja yangu si utajiri. Hoja ni kwamba mtu wa kutengeneza alikuwa sehemu ya mpango.

Nisemee na simu za wanafunzi, kwani kila nikizungumzia haya kuna mzazi anayeruka kusema tehama itawaharibu watoto. Mimi naunga mkono simu zisiingie darasani. Mtoto wa kidato cha pili mwenye TikTok mfukoni hasikii somo la mwalimu yeyote, hata awe hodari namna gani. Lakini tazama tunachomfanyia mtoto huyo huyo. Miaka minne tunamwambia simu ni kosa la kufukuzwa shule. Akimaliza kidato cha nne anatakiwa aingie mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform abadilishe tahsusi na vyuo. Akimaliza cha sita anatakiwa aombe mkopo mtandaoni, apakie vyeti, asome maelekezo ya kurasa kibao. Wanakuja dukani kwangu vijana wenye divisheni wani ambao hawajui nywila ni kitu cha kuficha. Wananiachia zao kwenye karatasi, na wengine barua pepe waliyofunguliwa na mtu wa steshenari nyingine hawaikumbuki. Kuzuia simu ni sawa, ila kuwe na chumba chenye kompyuta zinazowaka na mtu wa kuwafundisha. Shule nyingi za kata zimeshika katazo tu.

Basi ningetaka nini? Posho ya bando nimeshaisema. Nilipomweleza mwalimu mmoja mteja wangu, mtu mzima anayekaribia kustaafu, alicheka. Akaniambia, "Mwanangu, posho itapitishwa, itachelewa, itageuka malimbikizo, na malimbikizo tutayadai hadi tustaafu." Sikuwa na jibu la kumkatalia, kwa sababu hata mimi ninawachapia walimu barua za madai kila mwezi.

Ndiyo maana sasa naona njia fupi zaidi ni kutopitisha fedha mkononi mwa mtu. Serikali ina TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayotoa leseni na masafa kwa kampuni za simu, na ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ambao kampuni hizo zinauchangia. Afrika Kusini, shule zilipofungwa kwa korona mwaka 2020, serikali iliagiza kampuni za simu zisitoze data kwa tovuti za elimu. Sisi tulifunga shule kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni mwaka huo, na agizo la namna hiyo lingetusaidia wakati ule kama litakavyotusaidia sasa. Maktaba ya Taasisi ya Elimu, PEPMIS, ESS, PREM na mafunzo ya MEWAKA ni anwani chache tu. Mwalimu akizifungua, salio lake lisiguswe. Kurasa hizo nyingi ni maandishi. Hakuna mtu atakayeangalia mpira kupitia PREM. Kampuni zitalalamika, na zilipwe fidia kutoka mfuko huo ikibidi. Anayetaka TikTok aendelee kuunga bando lake mwenyewe.

Kwa upande wa vioo na betri, kila halmashauri ina maofisa tehama, na vyuo vya ufundi vya VETA vina vijana wanaosomea umeme na elektroniki wanaotafuta pa kufanyia mazoezi. Wapewe vipuri na meza. Nitapoteza wateja, najua, lakini hivyo vioo vya Kariakoo nimeshachoka kuvisubiri.