Si Unabonyeza Tu?

Kuna maneno matatu yanayonizeesha kuliko kodi ya chumba: "Si unabonyeza tu?" Nimeyasikia kwa Kiswahili, nimeyasikia kwa Kiganda, na juzi nimeyasikia bila lugha yoyote. Mzee mmoja, mdomo umejaa roleksi, ile chapati ya kuviringisha na mayai, alinyanyua kidole cha shahada, akakishusha hewani mara moja, kisha akanisukumia noti ya elfu tano. Nilikuwa nimemwambia bango ni elfu arobaini. Hakubishana. Alinionyesha kidole, basi.

Mimi natengeneza kadi, mabango na kalenda pale Nasser Road, Kampala. Mtaa ule unaweza kuingia huna cheo, ukatoka na kadi mfukoni inayosema wewe ni mkurugenzi. Nyumbani ni Bombo, kwa hiyo nusu ya wateja wangu ni watu wa kwetu wanaonijua tangu enzi za kaptula iliyochanika. Na mtu aliyekuona na kaptula iliyochanika hakulipi bei ya mjini, hata uvae tai.

Haya, tuzungumzie hicho kitufe chenyewe wanachosema nabonyeza.

Laptopu yangu ni ya mtumba, kwao ni Ujerumani. Muuzaji hakuniambia. Nilijua mwenyewe nilipoandika kadi ya kwanza: bwana harusi Yusuf akatoka Zusuf, bibi harusi Zaituni akatoka Yaituni. Kwenye kibodi ya Kijerumani Z imekalia kiti cha Y, na Y imehamia kwa Z. Kama wateja wako ni akina Petro na Paulo, utaishi nayo hadi uzee. Wangu mimi ni Yahaya, Zubeda, Ziyada. Ziyada! Jina moja, ajali mbili.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia ijifanye Mwingereza. Ikakubali moyoni, lakini usoni ikabaki Mjerumani: kitufe kilichoandikwa Z sasa kinatoa Y. Majina nilizoea. Kilichonishinda ni Kontroli na Z. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo toba ya watu wa kompyuta: umekosea, unabonyeza, dhambi inafutika. Kontroli na Y kazi yake ni kuirudisha. Sasa mimi toba ya kwanza naifanya kwa mazoea ya vidole, inapokelewa vizuri. Ya pili nachungulia kibodi ili nihakikishe, nafuata herufi niliyoiona, na dhambi niliyokwisha kusamehewa inarudi yote. Nimebandika plasta ya kidonda juu ya kitufe hicho. Wateja wanadhani kompyuta imeumia. Hawajakosea sana.

Kifaa hicho kilinila laki nane na nusu. Halafu kuna programu. Ile maarufu ya picha, Photoshop, iliyotoka 1990, tangu 2013 matoleo yake mapya hayauzwi, yanakodishwa kwa mwezi, kwa dola. Mimi nakodi chumba Kisenyi, nakodi meza Nasser Road, nikodi na brashi? Wenzangu wengine wanatumia ile iliyovunjwa kufuli. Nami nilijaribu. Ilinijia kwenye flashi ya jirani, na ndani ya flashi ile kulikuwa na kirusi kilichoficha folda zangu zote na kuniachia njia za mkato zisizofika popote. Wiki nzima nilikuwa mtu mwenye njia nyingi na hana safari.

Sasa natumia GIMP kwa picha na Inkscape kwa maandishi na michoro ya mistari. Zote bure, halali kama maji ya mvua. Ni kweli zinahitaji subira. GIMP 2.10 ilitoka 2018 na 3.0 ikatoka 2025, miaka saba, kama kesi ya kiwanja. Lakini wanaoziandika wengi wao wanajitolea, na mtu anayekupa bure humwulizi kachelewa wapi.

Data je? Mwaka 2018 tulianza kukatwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kuingia mitandao ya kijamii, na nchi nzima ikajifunza VPN, njia ya kujificha mtandaoni, hata bibi yangu, ambaye mpaka leo hajui kuongeza mwanga wa skrini. Mwaka 2021 ile ikafutwa, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Hapo hata bibi aliweka simu chini.

Basi katika hali hiyo akaja Hajati.

"Mwanangu, nataka kadi ya kwanjula, siku ya binti yangu kumtambulisha mchumba nyumbani. Na marehemu Haji awepo."

"Awepo vipi, Hajati?"

"Asimame nyuma ya mwanawe, avae kanzu, atabasamu kidogo. Si unabonyeza tu?"

Picha ya Haji ikaja kwa WhatsApp. Ilikuwa picha ya picha: Haji kwenye fremu ukutani, kichwa na kifua, amenuna kama amesikia bei ya sukari. Na katikati ya kifua chake, ndani ya kioo, anaonekana kijana wa nyumbani ameshika simu, kifua wazi, nyuma yake jiko la mkaa linawaka. Ukimtazama Haji vizuri, moyo wake ni jiko.

WhatsApp nayo ilikuwa imeikamua. Nilipoifungua ilikuwa na upana wa pikseli 640, yaani nukta 640. Uchapaji mzuri wa kadi unataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo hizo 640 zinakupa sentimita tano na kidogo. Haji wa sentimita tano. Nikamweleza Hajati kwamba kijana atume tena, safari hii aitume kama faili, WhatsApp haitaigusa. Kijana akapiga nyingine. Sasa alikuwa amevaa shati, lakini alikuwa ameongeza taa ya flashi, na Haji badala ya pua akawa na jua.

Nikarudi kwa jiko.

GIMP ina zana ya kuponya. Unaionyesha sehemu nzima, inachota kitambaa kilekile na kukipaka palipoharibika huku ikilinganisha mwanga. Unaikuza picha mpaka uso wa mtu unakuwa viraka vya rangi kama sakafu ya msikiti, halafu unaanza: koti la kushoto unalihamishia kulia, kirakakiraka, pumzi umeibana. Nilimtoa kijana kifuani mwa Haji kuanzia mkono mpaka sikio. Saa nzima. Hajati ameketi pembeni anakula karanga, na kila nikibonyeza anasema, "Ee, kama hivyo tu."

Halafu mwili. Haji hakuwa na miguu wala kanzu. Nilikuwa na picha ya muuza chai wa pale mlangoni kwetu, aliyopigwa siku ya Idi, amesimama wima, kanzu nyeupe. Nikamwazima shingo kwenda chini. Hajati akavaa miwani.

"Haji hakuwa na kitambi."

"Hicho si chake, Hajati. Ni cha muuza chai."

"Mtoe muuza chai."

Nikampunguza muuza chai. Nikanyanyua pembe za midomo ya Haji nukta mbili, si zaidi, maana ukizidisha marehemu anaonekana ana siri. Hajati akanyamaza. Akaacha karanga. Akasema polepole, "Huyo ni yeye." Wallahi kwa dakika moja nilijiona daktari.

Ndipo umeme ukaondoka.

Betri ya laptopu yangu ni pambo, iko pale kuifanya mashine isitetereke mezani. GIMP nayo haina tabia ya kujihifadhia kazi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, hilo ni jukumu lako, na mimi jukumu langu nililisahau wakati naponya koti. Skrini ikawa nyeusi. Haji akaondoka mara ya pili, safari hii bila hata kuaga.

Gizani nikasikia ganda la karanga likipasuka.

"Pole mwanangu. Umeme ukirudi si unabonyeza tena?"

Mpwa wangu anasomea uandishi wa programu, na aliposikia kisa hiki hakunipa pole. Alisema, "Mjomba, ungekuwa na Git." Huyu kijana siku ya kwanza alipoanza kuniambia habari za kodi zake nilidhani anadaiwa chumba, nikazima simu. Kumbe kodi kwao ni yale maandishi ya kuiamuru kompyuta. Na Git ni programu ya kutunza historia ya kazi yako; aliiandika Linus Torvalds mwaka 2005, yuleyule aliyeanzisha mfumo wa kompyuta wa Linux. Kila ukifika mahali pazuri unaweka alama na kuandika kwa maneno machache umebadilisha nini, na siku yoyote unaweza kurudi palepale. Nikamwambia mimi ninayo tayari, ya kienyeji. Nikamfungulia folda ya Hajati aone. Faili za majina ya kwenye kadi zilikuwa hivi: babamkubwa_juu. babamdogo_juu. wote_mstari_mmoja. babamkubwa_kanuna. bila_shangazi. shangazi_karudi. shangazi_na_namba_yake_ya_simu. bila_namba_shangazi_kalia.

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hii si folda, hii ni historia ya ukoo. Lakini akanionyesha kitu ambacho miaka yote sikukijua: faili la Inkscape, yaani SVG, ndani yake ni maandishi matupu. Alilifungua kwa Visual Studio Code, programu yao ya kuandikia kodi, na katikati ya msitu wa namba nikaiona familia nzima ya Hajati imeandikwa, baba mkubwa mstari wake, baba mdogo mstari wake. Git ikilinganisha leo na jana inakuonyesha mstari uliobadilika: nyekundu aliyeondolewa, kijani aliyeingizwa. Shangazi alikuwa mwekundu, kijani, mwekundu. Kwa picha za GIMP haiwezi kukuonyesha hivyo, inazihifadhi nzimanzima tu. Kwa ugomvi wa majina, hata hivyo, haina mpinzani.

Sasa ikabaki kuandika majina ya wageni, watu 120, kila mmoja na kadi yake. Mpwa akasema usiandike kwa mkono, nitakuandikia kijiprogramu kwa Python, lugha mojawapo ya kodi. Mistari kumi na mmoja. Mistari kumi na mmoja ilimchukua usiku mbili. Usiku wa kwanza wote ulikwenda kwa nafasi nne zilizokosekana mwanzoni mwa mstari mmoja, maana Python inajali mstari umeanzia wapi kama mwalimu wa mwandiko. Usiku wa pili ulikwenda kwa mgeni mmoja ambaye Hajati alimwandika "Mama Zubeda & wenzake". Alama ile ya "na" ndani ya SVG ina maana yake nyingine, na kila ikifika kwa Mama Zubeda kazi yote inagoma. Kijana alipogundua, alisimama uani saa tisa usiku akamtaja Mama Zubeda kwa sauti, mpaka jirani akawasha taa.

Asubuhi kila kitu kikawa sawa. Haji amerudi, kaponywa upya, na safari hii nikawa nahifadhi kila nikimeza mate. Hajati akaja akasimama nyuma yetu. Mpwa akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika neno moja, akabonyeza Ingiza. Mara moja. Kadi zikaanza kutoka kwenye folda moja baada ya nyingine, Yahaya, Zubeda, Ziyada, 120, bila kosa.

Hajati akanigeukia taratibu. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akafungua pochi, akahesabu elfu thelathini tulizokubaliana, akarudisha ndani elfu kumi na tano.

"Sasa mwanangu, mimi nilisema nini?"

(Alirudi kesho yake na kadi moja mkononi na simu mkono mwingine kuuliza mbona gomesi, vazi la heshima la binti, kwenye simu inang'aa na kwenye karatasi imefifia. Skrini ni taa, karatasi ni wino, rangi nyingine za taa wino haina. Nilimweleza nusu saa. Aliondoka na hizo elfu kumi na tano bado ziko kwenye pochi.)

Mpwa akanishauri angalau nibadilishe diski, maana laptopu inachukua muda wa kuivisha matoke ndipo iwake. Yangu ni ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na imezeeka inazunguka. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka, na mashine kuukuu ukiiwekea inakuwa kama imefufuka. Nikaenda arkedi moja mjini, jengo la maduka, ghorofa ya tatu, kwa fundi asiyependa maneno. SSD laki moja na ishirini. Ufundi elfu arobaini.

"Arobaini?" nikasema. "Si unafungua skrubu tu?"

Maneno yalitoka kabla sijayaona. Fundi aliacha kazi yake. Alinitazama, akaitazama ile plasta kwenye kibodi, akanisukumia bisibisi juu ya meza.

Nilifungua tisa, moja baada ya nyingine, nikizipanga vizuri kwenye kifuniko cha soda ili aone. Kisha nikaingiza ukucha pembeni, nikavuta. Bamba la chini halikutoka. Nikavuta kwa nguvu, na kitu ndani kikalia kama ganda la karanga.

"Skrubu mbili ziko chini ya vile vimiguu vya mpira," akasema fundi, akichukua bisibisi yake. "Sasa ni elfu sitini."