Gego la miaka sita

Binti yangu alipokuwa na miaka saba alianza kutafunia upande mmoja. Nikammulika kwa tochi ya simu, nikaona kidoa cheusi kwenye gego la nyuma kabisa. Nikajisemea hilo ni la utoto, litang'oka, tutalirusha juu ya bati kama mengine. Miezi minne baadaye shavu lilivimba na usiku kucha hakulala. Daktari wa meno alipoliona akaniuliza, "Mama, unajua kwamba hili si la utoto? Hili ndilo alilopaswa kuzeeka nalo."

Sikujua. Tangu siku ile nimewauliza wazazi wengi, na wanaojua ni wachache mno. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akikaribia miaka sita, nyuma ya yale ya utoto, bila jino lolote kulipisha. Hakuna pengo, hakuna kutikisika, basi tunalihesabu pamoja na ya muda. Nalo likiwa linachomoza huwa fupi kuliko wenzake, mswaki unapita juu bila kuligusa, na mifereji yake inashika kila kitu. Hata hayo ya utoto, magego yake hukaa mpaka miaka kumi au zaidi. Kauli ya "ni ya utoto tu" inatuumizia watoto.

Tunalaumu pipi, ni sawa. Ila kibaya zaidi ni kumung'unya kutwa. Kila sukari inapoingia mdomoni bakteria wanatengeneza asidi, na mate yanahitaji muda kuituliza. Ubuyu asubuhi, barafu ya ukwaju mchana, juisi jioni: mate yatapumua saa ngapi? Afadhali mtoto ale kashata yake yote baada ya wali, iishe. Na chupa ya maziwa yenye sukari kitandani ndiyo mbaya kuliko vyote, maana usingizini mate hupungua. Mama mkwe alinuna nilipoiondoa. Nilimwelewa, lakini haikurudi.

Mimi nimekulia Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi ya maji yetu. Kwa hiyo niliiogopa dawa ya meno yenye floraidi, nikawa namnunulia binti yangu isiyo nayo. Daktari alinieleza kwamba rangi ile inatokana na floraidi inayomezwa miaka ile meno yanapojijenga ndani ya fizi. Dawa inayopakwa na kutemwa inaliimarisha jino. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosha na kiasi cha punje ya mchele. Wa mitatu mpaka sita, kama punje ya njegere. Anatema, hasukutui kwa maji.

Na tusiwaambie watoto wa miaka minne "nenda kapige mswaki" halafu tukaendelea na tamthilia. Mkono wake bado hauwezi. Mdogo wake binti yangu sasa anakaribia sita, na kila usiku namlaza kichwa mapajani mwangu, nampiga mswaki mwenyewe, nikianzia nyuma. Jana nilipommulika, fizi ya chini kushoto ilikuwa imevimba kidogo nyuma ya gego la mwisho, na ncha nyeupe imeanza kuchungulia.