Hiyo sio katuni, hiyo ni picha ya kuombea kazi

Jamani mnisamehe lakini hizi picha za AI mnazojaza status nimezichoka. Kichwa kama boga, mwili kiduchu, laptop mkononi, meno meupe peee, halafu chini mtu anaandika "katuni yangu 😂". Mhasibu na nesi wamefanana, kasoro kipimo cha shingoni! Yani umeiomba mashine ikutanie, imekufuta chunusi na imekupunguza tumbo, sasa utani uko wapi hapo?

Binamu yangu anachora, mwaka jana kanichora mimi. Kanipa bonge la paji la uso, hilo sawa, tumerithi. Ila kanichora nimeshika chaja ya mtu, na mwenye chaja yuko nyuma ananikodolea macho. Wife alicheka mpaka akakaa chini, mimi nilinuna siku nzima, maana ni kweli naazimaga chaja na sirudishi.

Ndo kazi ya katuni hiyo. Kukuza pua kila mtu anaweza, kazi ni kujua uvute kipi. Gado, yule mchora katuni wa magazeti ya Kenya, enzi za kesi za ICC, ile mahakama ya The Hague, aliwafunga Uhuru na Ruto mnyororo na tufe la chuma mguuni, wanavaa suti safi, wana vyeo vyao, na tufe lao lipo. Hakuna haja ya maelezo. Halafu akaja Kibet Bull, kijana mchora katuni wa mtandaoni, na vivuli vyake, mtu mweusi tiii hana jicho hana mdomo na bado Kenya nzima inajua huyo ni nani! Desemba 2024 akatekwa, akaonekana tena Januari. Kwa kivuli jamani, kivuli.

Na sio mambo ya leo. Ufaransa 1831 Philipon, mwenye gazeti la katuni, alishtakiwa kwa kumchora mfalme Louis-Philippe, akachora sura ya mfalme kwa hatua nne, mashavu yanashuka, utosi unachongoka, ya mwisho ni tunda la peasi tu, akawauliza mahakimu sasa hapa kosa liko kwenye ipi? Wakamfunga. Peasi zikajaa kwenye kuta za Paris.

Sawa, najua mtanijia na wale wachekeshaji ambao kila siku ni kuiga lafudhi ya Mmakonde au kuchechemea kama mlemavu. Nakubali, ule ni uonevu, na ni uvivu pia, basi tuendelee.

Maana kuna watu hawajui hata kushika penseli na wamechora kuliko wote. Wakenya walimpa Ruto jina Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda mti, kwa ajili ya kodi, neno moja tu, ushamuona yuko juu ya mkuyu. 2024 vijana wanaimba barabarani "Zakayo shuka!" Philipon alikuwa na anwani, Kibet alikuwa na anwani, hilo jina sasa utamkamata nani, wakati makonda wote wanalo?