Kifua kikigonga stelingi tuache kukichua jamani

Mjomba anaendesha Canter ya mizigo, na msimu wa korosho ndo hatulii kabisa, leo Tandahimba kesho Mtwara mjini. Msimu uliopita alimkwepa bodaboda akaingia mtaroni, kifua kikajibamiza kwenye stelingi, mkanda hakufunga. Akashuka mwenyewe akasema yeye mzima. Nyumbani bibi akachemsha maji, akatoa mafuta ya nazi, akachuliwa siku tatu, na kila akikohoa machozi yanamtoka, usiku analala kakaa.

Kituo cha kwanza tulichompeleka wakampiga picha ya X-ray ya mbele tu, wakasema hamna kitu, akapewa dawa za maumivu. Hiyo iliniuma sana, maana mfupa wa kidari, ule bapa wa katikati ya kifua, ukipigwa picha kwa mbele unajificha, upo mstari mmoja na uti wa mgongo na kivuli cha moyo, ufa hauonekani vizuri mpaka upigwe kwa ubavuni au CT scan. Tulipoenda kwingine wakampiga ubavuni, ufa huo hapo.

Ajali za magari ndo zinaongoza kuvunja huu mfupa. Lakini hata hendeli ya pikipiki ikikuingia kifuani, au ukidondoka mnazini, na wazee ambao mifupa imekuwa myepesi unaweza kuvunjika bila ajali yoyote. Hata kumbana kifua mtu ambaye moyo umesimama unaweza kuuvunja, hapo usimlaumu aliyembana, alikuwa anaokoa uhai.

Sasa mtu anachua hapo wakati nyuma ya huo mfupa kuna moyo! Pigo la kuvunja kidari linaweza kuuumiza moyo wenyewe au mapafu, ndo maana walimpima mjomba na mapigo ya moyo, sio mfupa tu.

Madereva wengi huku wananiambia mkanda nao unavunja kifua. Ni kweli unaweza, ila bila mkanda unaifuata stelingi au unatokea kiooni, mimi siwezi kukubali huo uwe utetezi.

Mjomba hakufungwa plasta wala kupasuliwa, ni dawa za maumivu, kupumzika na kuvuta pumzi ndefu hata kama inauma ili mapafu yasije yakapata nimonia. Wiki 10 hajagusa gunia, Canter ikaendeshwa na mtu mwingine mpaka msimu ukaisha.