Pale Nyaraka Zinaponyamaza

Mwaka 1987 vilichapishwa Marekani vitabu viwili ambavyo, vikisomwa kwa pamoja, vinazua swali zito kuhusu wanawake wenye asili ya Afrika waliozaliwa utumwani ughaibuni: je, pale nyaraka zinaponyamaza, mwandishi ana haki ya kubuni?

Kimoja ni toleo la mtafiti Jean Fagan Yellin la tawasifu ya Harriet Jacobs, iliyotoka kwanza mwaka 1861 kwa jina la kupanga la Linda Brent. Jacobs alijificha kwa karibu miaka 7 darini, juu ya ghala la nyumba ya bibi yake mzaa mama huko Edenton, North Carolina, mahali ambapo hakuweza hata kusimama wima, akiwachungulia wanawe kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe. Baadaye wapo wanahistoria waliokitilia shaka kitabu hicho, na wengine wakadhani ni kazi ya mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child. Barua za Jacobs ndizo zilizothibitisha kwamba aliyekiandika ni yeye, zikamrudishia kilicho chake. Kwa hiyo wanaotaka ushahidi kwanza wana hoja ambayo siwezi kuipuuza.

Lakini Margaret Garner hakubahatika hivyo. Januari 1856 alitoroka Kentucky, akavuka mto Ohio ukiwa umeganda, na alipozingirwa akamuua bintiye mdogo ili asirudishwe utumwani. Wanasheria walibishana kama ashtakiwe kwa mauaji au arudishwe kwa bwana wake kama mali, naye akarudishwa. Mwandishi Toni Morrison alilichukua tukio hilo katika riwaya ya Beloved, ambayo ndiyo kitabu cha pili cha mwaka 1987, kwa makusudi asichimbe mno maisha halisi ya Garner. Kumtaka mwandishi kama huyo asubiri nyaraka ni kuwaachia wamiliki wa watumwa neno la mwisho, na hilo silikubali.

Ninaegemea upande wa Morrison, kwa kuwa riwaya humwambia msomaji tangu mwanzo kwamba ni riwaya. Hofu yangu iko kwenye historia inayochanganya yaliyotokea na yaliyotungwa bila kuonyesha mpaka. Msomi Saidiya Hartman aliukabili mtihani huo mwaka 2008, alipoandika juu ya wasichana wawili waliofia katika merikebu ya watumwa iitwayo Recovery, ambao nahodha John Kimber alishtakiwa London mwaka 1792 kwa kuwaua, kisha akaachiwa huru. Hartman alitamani kuwapa wasichana hao urafiki, wafarijiane. Akajizuia, kisha akamweleza msomaji waziwazi alichotamani kukiandika na kwa nini hakukiandika.